Barua Niliyoisoma Mwenyewe

Wapo watu wa mtaa wetu wa zamani, Kariakoo, ambao mpaka leo wakinikuta sokoni hunisalimu nusu nusu. Wanasema nilivunja nyumba yangu kwa mikono yangu. Sawa, niliivunja. Ningepewa nyingine ya namna ile, hiyo nayo ningeivunja. Nataka tu nieleze ilivyokuwa, maana wanaoisimulia hadithi hii kwa sauti kubwa hawakuwemo chumbani.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Lindi nikiwa msichana, nimemfuata dada yangu aliyeolewa huku. Shule sikuwahi kuiona. Dada alinifundisha kushona, na nilipofika miaka ishirini nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja la vitambaa. Nilitia pindo khanga za watu na kushona sare za watoto wa shule. Hapo ndipo mume wangu aliponiona. Alikuwa karani wa ghala, mtu wa Tanga, mpole, nadhifu, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Aliniambia mapema kwamba aliwahi kuoa huko kwao, na kwamba waliachana na mke yule kwa sababu mwanamke hakuzaa. Nilimwonea huruma. Nikampenda zaidi, kwa kuwa alikuwa amenieleza kabla sijauliza.

Tukaoana, tukapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, na mama yake akachukua chumba cha kukabiliana na chetu. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili. Ulipoingia wa tatu mama mkwe wangu akawa ananitazama tumboni kwanza, ndipo anitazame usoni. Hakuwa mtu mbaya. Tulipika pamoja uani, tukachambua mchele kwenye ungo mmoja, na nilipougua malaria yeye ndiye aliyenikanda. Lakini alitaka mjukuu, na aliyetakiwa kumleta mjukuu huyo ni mimi.

Ndipo zikaanza dawa. Nilikunywa magome yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi. Nilifukizwa nikiwa nimefunikwa blanketi, mchana wa jua kali, nikazimia. Nilipelekwa kwa mganga mmoja ng'ambo, Kigamboni, mama mtu mzima, akanichanja chale saba chini ya kitovu na kusugua unga wa dawa humo. Mume wangu alinisindikiza. Tulipokuwa tunarudi Magogoni kivuko kilijaa watu na matenga. Akanitafutia pa kukaa, akasimama mbele yangu na kunikinga jua kwa gazeti lake, akaniuliza, "Inauma sana?" Nikamwambia haiumi.

Mwaka wa tano tukaambiwa yupo daktari mmoja wa kujitegemea anayesafisha wanawake wasioshika mimba. Anasafisha nini, sikujua. Nilipewa karatasi yenye maandishi mengi, nikatia dole gumba. Nilitoka damu siku kumi na moja. Mume wangu alikuwa akininunulia maini na kunilisha kwa mkono wake. Wanawake wa nyumba ile walisema nimepata mume ambaye wengine wanamwomba Mungu hawampati, nami niliwaitikia.

Mwaka wa sita mama mkwe akasema sasa basi, mwanangu aongeze mke. Alikuwa ameshampata msichana wa Mchafukoge, mtu wa Kilwa, anafanya kazi kiwandani. Sheria mpya ya ndoa ilikuwa imeshatoka, na kila mtu mtaani alikuwa akisema siku hizi mume haongezi mke kimyakimya, lazima yule aliyepo aulizwe. Kwa hiyo wakamwita balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye heshima zake, akaniuliza mbele ya mume na mkwe, "Mwanangu, umeridhia?"

Nikasema, "Nimeridhia."

Nilisema kwa moyo mmoja. Niliona mimi ndiye mwenye kasoro, na mtu mwenye kasoro ana haki gani ya kumfungia mwenzake mlango? Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ni kwa ajili ya kunionea huruma.

Miezi ile ile nilikuwa nasoma. Serikali ilikuwa imeamua watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, na baraza ya balozi ikawa darasa letu, siku tatu kwa juma, saa kumi alasiri. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja Mkristo wa kutoka Kilimanjaro, mke wa mfanyakazi wa reli, mkali kweli. Ukikosea herufi anakurudisha mwanzo, uwe bibi wa miaka sitini au mwari. Mimi nilishika haraka. Nilisoma kila kilichokuwa mbele ya macho yangu: vibao vya maduka, makaratasi ya sabuni, majina kwenye magunia, tangazo la mkutano lililobandikwa ukutani Mnazi Mmoja. Nilikuwa kama mtu aliyefumbuliwa macho akakuta ukuta wote umeandikwa.

Mume wangu hakunizuia. Wala hakuniuliza nimefika wapi. Nadhani aliona ni mchezo wa wanawake wa kutwanga na kusengenya, vitabu ni kisingizio.

Siku moja mwalimu akasema, "Alhamisi kila mtu aje na barua. Barua halisi, iliyotoka kwa mtu. Mtasimama hapa mbele mmoja mmoja mtusomee."

Mimi sikuwa na barua yangu mwenyewe, nani angeniandikia? Lakini mume wangu alikuwa na sanduku la mabati chini ya kitanda, na humo zilikuwemo barua za kaka yake wa Tanga. Zilipokuwa zikifika alikuwa akinisomea yeye, na kila mara zilikuwa salamu: kaka anakusalimu sana, shemeji mvumilie ndugu yangu, watoto hawajambo. Sanduku halikuwa na kufuli. Lilihitajika la nini? Alhamisi ile nikachukua barua ya juu, nikaiweka kwenye daftari, nikaenda.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. Nikaanza vizuri. "Ndugu yangu mpenzi, salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri." Wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu akasema, "Endelea."

Nikaendelea. "Barua yako nimeipata. Unaniuliza kama umwambie mkeo..."

Nikanyamaza. Macho yangu yalikuwa yametangulia mdomo, na yalikuwa yameona neno daktari, na mstari wa chini yake.

"Endelea," mwalimu akasema tena.

"Hapa pamefutika, mwalimu."

Akanitazama. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Akasema, "Basi kaa, umesoma vizuri," akamwita mwingine.

Darasa lilipokwisha sikurudi nyumbani. Nilikwenda mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye majani, watu wanapita wakitoka makazini, nikaifungua barua nikaisoma kidole chini ya neno, neno kwa neno. Naikumbuka yote.

"Unaniuliza kama umwambie mkeo. Mimi nakwambia usithubutu. Yule wa kwanza ulipomwambia alifanya nini? Alifunga virago, na sasa ana watoto wawili kwa mume mwingine. Daktari wa huku Tanga alikwambia kweli kwamba wewe huwezi kuzalisha, na kweli hiyo ibaki kwetu sisi wawili. Mama asijue, itamuua. Huyu wa sasa hajui kusoma na hapa mjini hana wazazi. Mwache ahangaike na dawa, atachoka mwenyewe."

Niliisoma mara tatu kwa sababu mara mbili za mwanzo nilitumaini nimekosea herufi. Mwalimu alikuwa ametuzoesha kutojiamini. Lakini herufi zilikuwa zile zile. Nikatia mkono ndani ya gauni nikazigusa zile chale saba, moja moja, hapo hapo mbele za watu. Sikujali.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi huniambia, lakini mtu kupungukiwa si kosa lake. Najua. Si kosa lake hata kidogo. Kama angenikalisha chini kabla ya ndoa akaniambia, mimi daktari amesema hivi, huenda ningelia, huenda ningemfuata dada nikamwuliza, na huenda ningeolewa naye hivyo hivyo, maana nilimpenda. Yeye ndiye aliyeninyima nafasi ya kujua mimi ni mwanamke wa aina gani. Aliamua kwa niaba yangu kwamba mimi ni wa kukimbia.

Mume wangu alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili kasoro. Nilimwacha anawe, ale. Kisha nikakaa kitako kwenye mkeka, nikafungua barua nikaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama darasani. Nilipofika kwenye neno daktari alisimama.

"Nani amekusomea?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Katika maneno yote.

"Nasoma mwenyewe. Si unanisikia?"

"Hiyo barua ya zamani. Kaka yangu ana mambo yake."

"Ni ya mwezi wa Ramadhani uliopita, tarehe iko hapa juu. Uliniambia kaka ananisalimu na mvua ni nzuri. Mvua kweli ameitaja."

Akakaa kitandani. Kalamu zake zilikuwa bado mfukoni. Akaanza kulia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia.

"Niliogopa," akasema. "Yule nilimwambia kweli, akaondoka kabla mwezi haujaisha. Halafu nikaona kama watu wote wa mtaa wananitazama. Sikuweza mara ya pili."

"Na Kigamboni?"

"Nini Kigamboni?"

"Ulinikinga jua kwenye kivuko ukaniuliza inauma sana. Ulikuwa unajua."

Akatoa kalamu moja mfukoni, akaigeuza vidoleni.

"Na kwa yule daktari nilipotoka damu? Ulikuwa unanilisha maini. Ulikuwa unajua."

"Nilitaka kukuzuia. Kila siku nilisema kesho nitamwambia."

"Miaka sita ya kesho."

Akaniomba tufiche. Akasema ataivunja posa ya msichana wa Mchafukoge, hatutazungumzia mtoto tena, atamnyamazisha mama yake, tutaishi. Nakiri, kwa kitambo kidogo nilitamani. Kisha nikamwuliza, "Mama utamwambia posa imevunjika kwa sababu gani?" Akasema, "Nitasema wewe umeondoa ruhusa." Hata hapo! Hata hapo aliyetakiwa kubeba alikuwa ni mimi.

Nikamwambia, "Mpaka Jumapili. Umwambie mama yako, umwambie yule msichana. Usipowaambia, nitawaambia mimi."

Jumapili ilifika hajamwambia mtu. Alasiri wakaja shangazi zake wawili na balozi kupanga siku ya nikahi. Walikaa uani kwenye mkeka, chai imemiminwa, mama mkwe wangu amejitanda khanga mpya. Mume wangu alikuwa amekaa karibu na ukuta. Nilimtazama nikampa muda. Balozi alipomaliza kunywa, nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, uliniuliza kama nimeridhia, nikasema nimeridhia. Leo naiondoa ruhusa ile. Niliitoa nikiwa sijui, na mume wangu alikuwa anajua kwamba sijui."

Shangazi mmoja akasema, "Wivu huo umeanza."

"Si wivu, shangazi. Naomba mumwulize mume wangu yule daktari wa Tanga alimwambia nini."

Mume wangu akasema, "Mke wangu, nakuomba." Nilikuwa na barua kwenye daftari, lakini sikutaka kuisoma pale. Nilitaka maneno yatoke mdomoni mwake. Mama yake akamgeukia. "Alikwambia nini, mwanangu?" Akauliza mara ya pili, na mara ya tatu alipouliza sauti yake ilikuwa imebadilika, na ndipo mume wangu akasema. Alisema kwa maneno machache, akitazama chini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa karibu kila kitu, ila si kwa alilolifanya. Alinyanyuka akasogea mpaka alipokaa mwanawe, akamwuliza taratibu, "Magome niliyokuwa nikimchemshia, ulikuwa unaniona nikiyachemsha?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukaniacha nimnyweshe mtoto wa watu sumu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Wale shangazi wawili wakanigeukia. Walisema mambo ya ndani hayatolewi uani, kwamba nimemvua nguo mwanamume, kwamba mwanamke aliyelelewa hukaa na siri ya mumewe mpaka kaburini. Nikawaambia, "Siri yake ningeitunza. Angenipa niitunze, ningeitunza. Alichonipa ni uongo, na uongo huo ulikuwa unapita mwilini mwangu." Balozi alichukua kofia yake akaenda.

Asubuhi yake nikaenda Mchafukoge. Hapa pia nimelaumiwa, kwamba nilitoka nje ya mpaka. Lakini yule msichana alikuwa anakaribia kutia mguu pale pale nilipotia mimi, na miongoni mwa watu wote ni mimi tu niliyekuwa tayari kumwonyesha. Nilimkuta akijiandaa kwenda zamu ya mchana. Alikuwa na miaka ishirini na minne hivi, mrefu, macho makavu. Alidhani nimekuja kugombana, akabaki amesimama mlangoni.

"Dada, mimi sikumtafuta mumeo. Ni mama yake aliyekuja kwetu."

"Najua. Sikuja kwa hilo."

Nikamweleza yote, tangu magome mpaka barua. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akafunga mlango, akakaa kwenye kiti, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Dada, mimi nina mtoto. Ana miaka minne, yuko Kilwa kwa bibi yangu. Nyumbani wamenikataza kusema. Wameniambia nikishaolewa na kuzaa mwingine, nitamleta kama mtoto wa dada yangu."

Nikakaa kwenye mkeka wake.

"Kwa hiyo na mimi nilikuwa nakuja kuwadanganya," akasema. Akafikiri. "Sasa hivi umenipa nini? Mwanamume asiyezaa, anayetafuta mtoto. Na mimi nina mtoto anayetafuta baba."

"Sikuja kukwambia umkatae," nikamwambia, ingawa nilikuwa nimekuja nikiwa na hakika atamkataa. "Nilikuja ujue."

"Basi nimejua. Lakini na yeye aniambie kwa mdomo wake, nami nitamwambia la kwangu."

Na walifanya hivyo. Msichana alimfuata mume wangu kule ghalani saa ya chakula, wakakaa, wakaelezana. Sikuwepo, sijui walisemaje. Ninachojua ni kwamba mwezi wa pili baada ya mimi kupata talaka yangu walioana, na mtoto akaletwa kutoka Kilwa akiitwa mtoto wa mama yake hasa, bila kujificha kwa dada wala kwa nani.

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Wakasema, amekwenda kumharibia mwenzake, kumbe amemtengenezea! Amempelekea mume mpaka mlangoni! Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimempenda mtu yule miaka sita, na huyu msichana alimpata akiwa msema kweli, jambo ambalo mimi sikulipata. Kuna siku nilishona mshono nikaufumua, nikashona nikaufumua, mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Lakini hata siku ile sikujuta. Yule mwanamke aliingia macho wazi. Alijua analochukua na alijua analoacha, akasema ndiyo. Ndiyo yangu mimi ilikuwa imeibwa, mara mbili, ya kwanza siku ya harusi na ya pili mbele ya balozi. Ya kwake ilikuwa ya kwake. Mwenye kucheka na acheke.

Nilihamia chumba kingine, mtaa wa tatu kutoka pale, na cherehani yangu. Nikasoma mpaka nikapata cheti. Na daktari au mganga yeyote akinipa karatasi, hata iwe ndogo kama tiketi ya basi, naisoma hadi mwisho huku amesimama ananingoja, na nisipoelewa namwuliza, na akikasirika namwuliza tena.

Wanaume walikuja baadaye, sikuwa mzee. Mmoja, dereva wa malori, mtu wa maneno matamu, nilimkalisha barazani mchana kweupe nikamwuliza: una mke mahali popote? Una ugonjwa? Kuna jambo la kwako ambalo mimi nikilijua baadaye nitalia? Akacheka, akasema haya ni maswali ya polisi, mwanamke haulizi hivyo. Nikamwambia mlango ni ule. Mwingine alikuja baada ya miaka miwili, mpishi wa shule, aliyefiwa na mkewe, mtu asiyependa kuongea. Nilimwuliza yale yale. Alisimama nikadhani ataondoka, kisha akakaa tena akajibu, moja baada ya jingine, na moja ya majibu yale halikuwa jepesi kulisikia. Nikamwambia anipe muda nifikiri. Akasema, "Chukua muda. Lakini na mimi nina maswali yangu." Nikamjibu nami, yote, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaruka. Tulifikiri siku tisa, kila mtu kwake. Kisha tukaoana.

Watu wakisikia hapo huniuliza haraka haraka: je, kwa huyo ulizaa? Wananiuliza hata wageni, hata waliokuja kuchukua gauni tu. Wanataka kujua kama mwisho wa yote kasoro ilikuwa yangu au haikuwa. Hilo siwajibu. Mwili ni wangu na habari zake ni zangu. Aliyestahili kuzijua ni yule aliyekuwa anakuja kulala ubavuni kwangu, na yeye nilimwambia mapema, kabla hajavua viatu.